Mti ukichunwa gome kuzunguka shina unakufa hata kama majani ni mabichi: maji, madini na sukari vinapitaje ndani ya mmea

Mchungwa wa Muheza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa miti ya dawa kuna mdau ameweka picha ya mwarobaini wa nyumbani kwake. Watu wamekuja kuchukua gome la dawa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wamelimaliza kuzunguka shina lote, upana wa kiganja hivi. Anauliza kama mti utapona, maana wiki zinapita na majani bado ni kijani kabisa. Wengi wamemjibu kwa kumtia moyo: gome litarudi, mwarobaini ni mti mgumu, wewe mwagilia tu.

Mimi nimefundisha baiolojia na ninalima, na naona ushauri ule unampotezea muda ambao hana. Ule mti ukiachwa hivyo hautapona. Majani ni mabichi kwa sababu maji bado yanapanda kama kawaida. Kinachoteseka kiko chini ya ardhi: mizizi inakufa njaa.

Chukua kijiti kibichi cha mpera, unene wa kidole, ukichune gome kwa kisu. Gome likitoka, liguse upande wake wa ndani. Ni laini, lina unyevu. Hapo ndipo ilipo floemu, njia ya sukari. Sasa pitisha kidole kwenye ule mti mweupe uliobaki mkononi. Unateleza, kwa sababu kati ya gome na mti kuna tabaka jembamba sana la seli zinazogawanyika, kambiamu. Kambiamu inazaa mti upande wa ndani na floemu upande wa nje, na ndiyo inayonenepesha shina mwaka hadi mwaka. Na ule mti mweupe wenyewe ndio zailemu, njia ya maji na madini kutoka ardhini. Njia mbili, sukari nje na maji ndani. Aliyechuna gome amekata ya nje na kuiacha ya ndani.

Jambo hili limejulikana zamani sana. Mtaliano Marcello Malpighi, katika karne ya 17, alichuna pete ya gome kwenye mti na kuona gome la juu ya pete linavimba, la chini halivimbi. Chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kilifika pale kikakwama. Hata nyumbani unaweza kuliona hili: angalia mti uliofungwa waya wa kuanikia nguo miaka iliyopita bila kulegezwa. Juu ya waya pana uvimbe, chini ya waya shina ni jembamba. Mti umenyongwa polepole. Kama una mwembe au mparachichi uliofungwa hivyo, nenda kaufungue leo.

Kwanza maji. Seli za zailemu zinazopitisha maji zimekufa. Zinapokomaa zinapoteza kila kitu cha ndani, zinabaki kuta ngumu zenye lignini, kile kinachoukaza mti, zimeungana kwa urefu kama mirija. Mjerumani Eduard Strasburger alithibitisha hilo mwishoni mwa karne ya 19. Alikata miti mikubwa, mmoja ukiwa na urefu wa zaidi ya mita 20, akatumbukiza vitako vyake kwenye maji yenye sumu. Sumu ilipanda ikiua seli zote hai njiani, na maji yakaendelea kupanda nyuma yake mpaka kwenye majani. Kwa hiyo hakuna seli hai ndani ya shina inayoyapandisha maji.

Nani basi anayapandisha? Jua. Upande wa chini wa jani kuna vitundu vidogo, stomata. Vikifunguka ili hewa ya kaboni dioksaidi iingie kwa ajili ya usanisinuru, mvuke wa maji unatoka. Kila molekuli inayotoka inaivuta ya nyuma yake, kwa sababu molekuli za maji zinashikana kwa nguvu kubwa, na mvutano huo unashuka kwenye mishipa ya jani, tawi, shina, hadi mzizini. Dixon na Joly walieleza hivyo mwaka 1894 kule Dublin, na maelezo yao yamesimama mpaka leo. Zaidi ya asilimia 95 ya maji ambayo mmea unanyonya huishia hewani kwa njia hii.

Kuna mfano mmoja wa hapa kwetu ambao kila nikiufikiria nashangaa upya. Pampu ya kuvuta hewa haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, kwa sababu kanieneo, yaani presha, ya hewa ndiyo inayoyasukuma, na nguvu yake inaishia hapo. Lakini kwenye bonde moja la Kilimanjaro, mwaka 2016, watafiti wakiongozwa na Andreas Hemp walitangaza kwamba wamepima mti wa mkukusu, jina la kitaalamu Entandrophragma excelsum, wenye urefu wa mita 81.5. Ndio mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kurekodiwa Afrika. Maji yanafika kileleni bila pampu na bila sauti. Kuushinda uzito wa maji yenyewe tu kunahitaji mvuto unaolingana na kanieneo ya hewa mara nane, bado hujahesabu msuguano wa kupita ndani ya mirija midogo ambayo jicho halioni. Na mti hautumii chakula chake hata chembe kwa kazi hiyo ya kuvuta, jua ndilo linalolipa gharama.

Sasa sukari. Floemu ni habari nyingine kabisa. Seli zake ziko hai, ingawa zimepoteza kiini, na kila moja ina seli jirani inayoitunza. Kuta zinazokutanisha seli na seli zina matundu, kwa hiyo utomvu mtamu unapita. Ernst Münch, Mjerumani mwingine, alieleza mwaka 1930 kinachousukuma. Jani linapakia sukari kwenye floemu. Sukari ikijaa inavuta maji kutoka kwenye zailemu iliyo jirani, kwa osmosisi, yaani maji kuhamia penye vitu vingi vilivyoyeyuka. Presha inapanda. Kule mwisho wa safari, kwenye mzizi au tunda, sukari inapakuliwa, maji yanarudi kwenye zailemu, presha inashuka. Basi utomvu unakwenda kutoka penye presha kubwa kuelekea penye ndogo, kwa mwendo wa nusu mita hadi mita moja kwa saa. Zailemu maji yanavutwa, floemu utomvu unasukumwa.

Presha hiyo si ndogo, ni mara kadhaa ya ile ya tairi la gari dogo. Wanasayansi waliipata kwa msaada wa vidukari. Kidukari anachoma mrija wake wa mdomo moja kwa moja ndani ya mrija mmoja wa floemu, wala hanyonyi kwa nguvu, utomvu unamwingia wenyewe. Mtafiti anamkata kidukari akiwa ameshachoma, mdomo unabaki kwenye shina, na utomvu unaendelea kutoka kwa saa nyingi. Ukiona majani ya mmea wenye vidukari yananata na sisimizi wanapanda na kushuka, ile sukari ni ya floemu. Kidukari anatafuta protini, ambayo ni chache mle, kwa hiyo anakunywa kupita kiasi na sukari inayomzidi inatoka nyuma.

Nawasilisha. Mwenye swali aulize, nipo.

Nyumba ya Kona

Mkuu, mimi ndiye mwenye ule mwarobaini. Nimesoma yote na roho imeniuma, ule mti aliupanda marehemu mama. Kuna la kufanya, au ndio basi tena?

Mchungwa wa Muheza

Pole sana ndugu yangu. La kufanya lipo, tena yapo mawili, lakini usisubiri majani yanyauke. Yakinyauka, ujue mizizi imeshamaliza wanga iliyokuwa imejiwekea akiba.

La kwanza ni kuunganisha jeraha kwa vijiti. Safisha kingo za jeraha, juu na chini, kwa kisu kikali, mpaka ufike kwenye gome lililo hai. Kata vijiti vya mwarobaini huohuo, unene wa penseli, virefu kidogo kuliko pengo. Chonga ncha zote mbili kama kabari. Inua gome kidogo chini ya jeraha, chomeka ncha moja. Inua gome juu ya jeraha, chomeka nyingine. Kijiti kikae kilivyokuwa mtini, juu yake iwe juu. Zungusha shina lote hivyo, ukiacha nafasi ndogo kati ya kijiti na kijiti. Kaza kwa misumari midogo sana au kamba, kisha ziba maungio yote kwa nta yasikauke. Kambiamu ya kijiti ikishikana na ya shina, sukari itapita mle. Ni elimu ileile ya kubebesha miembe na michungwa. Mvua ndio wakati mzuri, gome linainuka kirahisi.

Ukiona hilo ni gumu, kata mti chini ya jeraha kwa msumeno, mkato uwe wa mshazari maji yasituame. Mwarobaini unachipua vizuri sana kutoka kwenye kisiki, na mizizi bado ina akiba ya kulisha machipukizi. Utachagua chipukizi moja lenye nguvu ulilee. Itakuuma kuukata, najua, lakini mizizi itakuwa ni ileile aliyoipanda mama.

Na kwa wanaochukua magome ya dawa: chukua kipande kirefu kwa wima, upande mmoja, kisha acha mti upumzike. Gome lililobaki pembeni linaendelea kupitisha chakula, na kingo za jeraha zinaziba taratibu. Kinachoua ni kuzungusha.

Kaka wa Kilifi

Uzi safi sana huu. Lakini hebu nifafanulie jambo. Huku kwetu minazi inachongwa vidato vya kupandia kutoka chini hadi juu, miaka na miaka, na haifi. Tena mgema anakata karara kila siku na mti uko palepale. Kwa nini mnazi usife kama mwarobaini?

Mchungwa wa Muheza

Swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri, kaka.

Mnazi haukujengwa kama mwembe. Ni ndugu wa mahindi, mianzi na nyasi. Ndani ya shina lake hakuna gome la floemu nje na mti wa zailemu ndani. Kuna maelfu ya vifurushi vya mishipa vilivyotawanyika shina zima, kila kifurushi kina zailemu yake na floemu yake. Ukiukata mnazi uliokauka utaviona, vile vidoadoa vyeusi kwenye ubao wa mnazi. Kidato kinakata vifurushi vichache vya nje, vya ndani vinaendelea na kazi. Ila mnazi hauna kambiamu, kwa hiyo kidonda chake hakizibi kamwe. Kidato kilichochongwa na babu utakikuta vilevile leo. Na zile seli za floemu za chini ya shina zinakaa hai miongo na miongo, umri wote wa mnazi, kwa sababu hakuna kinachozalisha nyingine za kuchukua nafasi yake.

Kuhusu mgema: tembo linalodondoka kwenye kibuyu ni utomvu wa floemu wenyewe. Kwenye karara ambalo halijafunguka ndipo mnazi unapopeleka sukari kwa wingi, kwa ajili ya maua na nazi zitakazokuja. Mgema analifunga, analilainisha kwa kuligongagonga, analiinamisha, kisha kwa kotama anakata ncha kipande chembamba sana, asubuhi na jioni. Umewahi kujiuliza kwa nini arudi kila mara kukata? Floemu ikijeruhiwa inajiziba haraka, matundu yake yanajazwa ili sukari isivuje. Kila anapokata upya anaondoa sehemu iliyojiziba na mirija inafunguka tena. Tembo likiwa bichi lina sukari kama asilimia 15, ndiyo maana ni tamu hivyo kabla hamira za asili hazijaligeuza kuwa kileo. Karara linalogemwa halizai nazi, sukari yake imeingia kibuyuni.

Kaka wa Kilifi

Sasa nimeelewa. Nitamsomea mjomba, yeye ni mgema na hakuna aliyewahi kumweleza sababu ya kazi anayoifanya vizuri kila siku.

Ndovu Mpole

Kuhusu gome, mimi napinga kidogo. Nimefika Tarangire, nimeona mibuyu imechunwa na tembo mpaka ndani na bado ina majani. Na watu wanachuna gome la mbuyu wasokote kamba, linarudi. Kwa hiyo si kila mti.

Mchungwa wa Muheza

Uko sahihi kabisa, na mbuyu unastahili kutajwa peke yake. Shina la mbuyu lina seli hai nyingi sana mpaka ndani, laini, zimejaa maji. Zikipata jeraha zinaweza kugeuka na kujenga gome jipya juu ya kidonda. Miti mingi haina uwezo huo, mwarobaini na mwembe haina. Hata mbuyu una kikomo: tembo wakiingia mpaka kwenye moyo wa shina, unaanguka.

Kidato cha Nne B

Shikamoo mwalimu. Sisi tulifundishwa kuna presha ya mizizi inayosukuma maji juu. Kwenye mtihani niandike ipi?

Mchungwa wa Muheza

Marahaba mwanangu. Andika zote mbili, kwa uzito tofauti. Presha ya mizizi ipo. Usiku mizizi inaendelea kuingiza madini kwenye zailemu, maji yanayafuata kwa osmosisi, yanasukumwa juu. Toka nje alfajiri utazame majani ya magimbi au mahindi machanga: utakuta matone yamejipanga kwenye ncha na kingo za jani, mahali palepale kila siku. Umande hulowanisha jani zima. Yale matone yametoka ndani ya mmea. Lakini presha hiyo ni ndogo, haifiki mbali, na jua likichomoza, mvuto wa majani ndio unaoshika kazi.

Na ukiulizwa madini yanaingiaje, usiandike kwamba yanaingia tu na maji. Mzizi unachagua. Katikati ya mzizi kuna tabaka la seli lenye ukanda usiopitisha maji, ukanda wa Caspary, unaolazimisha kila kitu kipite ndani ya seli hai kwanza. Seli hizo zinatumia nguvu, na nguvu inahitaji hewa. Ndiyo sababu mahindi yaliyotuamiwa na maji yananyauka na kuwa njano huku yamesimama ndani ya maji: mizizi imekosa oksijeni.

Mama Nyanya

Mwalimu, mimi ni mlima nyanya. Matatizo mawili. Moja, mche unanyauka ghafla ukiwa kijani, jioni unainuka kidogo, siku chache umekufa. Pili, nyanya zinaoza kitako, doa jeusi limebonyea. Duka la pembejeo waliniuzia kalisi ya kupuliza, sikuona tofauti.

Mchungwa wa Muheza

Dada, yote mawili ni mambo ya usafirishaji.

La kwanza linafanana na mnyauko wa bakteria. Bakteria wanaingia mizizini, wanazaliana ndani ya zailemu, na ute wao unaziba mirija. Maji yapo ardhini, hayapandi. Jipime mwenyewe: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ncha yake iguse maji safi kwenye glasi ya kioo, usitikise. Dakika chache tu, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, ni yenyewe. Hakuna dawa ya kuuponya mche huo. Ng'oa na udongo wake, usitupe shambani, osha jembe, na msimu ujao usipande nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo hapo. Panda mahindi.

La pili ni kalisi kweli, lakini mara nyingi udongo unayo ya kutosha. Kalisi inasafiri kwa zailemu tu, haipandi gari la floemu. Jani linatoa mvuke mwingi, kwa hiyo linavuta kalisi nyingi. Tunda halitoi mvuke karibu wowote, linajazwa hasa na floemu, na kalisi inalifikia kidogo sana. Ukimwagilia leo sana, ukaruka siku kadhaa, kile kidogo kinakatika, na kitako, ambacho ndicho mwisho wa njia, kinaoza. Kalisi uliyopulizia majani imekaa kwenye majani, haiwezi kuhamia tundani. Mwagilia kwa utaratibu, weka matandazo, punguza urea wakati wa kuzaa.

Kanuni hii ina faida nyingine. Naitrojeni inahamishika kwa floemu, kwa hiyo ikipungua mmea unaitoa kwenye majani ya zamani kuyapa machanga: njano inaanzia chini. Chuma na kalisi hazihamishiki hivyo: dalili zinaanzia juu, kwenye majani mapya. Kabla hujanunua mbolea, angalia njano imeanzia wapi.

Mama Nyanya

Mungu akubariki. Kipimo cha glasi nakifanya kesho asubuhi. Nimalizie na moja: mama mkwe ananikataza kuchuma kisamvu kwenye mihogo, anasema mihogo itakuwa myembamba. Ni kweli?

Mchungwa wa Muheza

Ni kweli, msikilize. Wanga wote wa muhogo umetengenezwa na majani ukashushwa na floemu. Ukichuma sana, kwanza unapunguza kiwanda, pili mmea unageuza njia: sukari inapelekwa juu kujenga majani mapya badala ya kushuka kwenye mihogo. Mkae muelewane mistari michache iwe ya kisamvu, mchume mtakavyo, na mingine iwe ya mihogo isiguswe. Kwenye ile ya mihogo, mkilazimika, chumeni majani machache kwa kila mti na msikate vichwa.